Jiwe Kichwani mwa Barakat

Sikumpenda Barakat. Naanza na hilo ili asije mtu akadhani namtetea. Alimwoa dada yangu Zubeida, akamweka katika nyumba ya makuti hapa Kisauni, upande wa Mjambere, nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa makaburi. Siku ya kwanza dada alipofungua dirisha akaona makaburi, alilia. Barakat alimwambia ashukuru, kwani majirani wale hawana udaku. Ndivyo alivyokuwa mtu yule. Kauli moja kavu, kisha kimya mpaka uchoke mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kupima mbata. Wakulima wa huku, wengi wao Wagiriama, walipasua nazi zao, wakazianika mpaka zikakauka, wakazileta kwa magunia katika ghala la Obeid, tajiri mwenye tasbihi ndefu na tumbo lililomtangulia mlangoni. Barakat alisimama penye mizani. Upande mmoja gunia, upande wa pili mawe ya chuma. Mizani ikitulia, alitangaza uzito kwa sauti ya mwadhini, na baada ya hapo hapakuwa na majadiliano. Watu wakamwita Mzee Kweli. Wallahi alilipenda jina hilo. Alitembea nalo barabarani kama mtu aliyevaa kanzu mpya ya Idi, na dada yangu nyumbani akiomba nauli ya kwenda mjini alijibiwa kwa kikohozi.

Mwaka wa hamsini na saba Obeid akafa, na hapo ndipo Barakat alipojitia katika midomo ya watu.

Huku kwetu maiti akishasaliwa, kabla hajatiwa kaburini, Maalim hugeuka akawauliza waliohudhuria, "Mwamshuhudiaje ndugu yenu huyu?" Nao hujibu kwa pamoja, "Mtu mwema." Hujibu hivyo kwa mwizi na kwa mlevi. Hujibu hivyo kwa mume aliyemng'oa mkewe meno. Wanawake hatuendi makaburini, lakini mimi nikiwa uani kwa dada yangu nimezisikia "mtu mwema" nyingi sana kupitia ukuta ule. Kama zote zingekuwa za kweli, Kisauni ingekuwa pepo ya duniani, wala si mahali ambapo huwezi kuacha ndoo yako kisimani ukaikuta.

Siku hiyo Maalim aliuliza juu ya Obeid, na watu wakajibu kama kawaida yao. Kisha ikasikika sauti moja nyuma yao, ile ya kutangaza uzito: "Mimi simjui kwa wema."

Sisi wanawake uani tulitazamana. Dada yangu alishika kichwa. Obeid alizikwa haraka haraka, na kesho yake mwanawe, Hamoud, akamfukuza Barakat ghalani. Barakat hakubisha. Aliingia ghalani, akaokota jiwe moja la mizani, lile la nusu frasila, akalitia katika kikapu akatoka nalo mbele ya Hamoud. Hamoud alimtazama mpaka akapotea njiani, asimwulize neno. Nilishangaa, kwani kijana yule alikuwa mtu wa kumfukuza paka hadi barabarani kwa sababu ya kichwa cha dagaa.

Jiwe likawa la kuzuilia mlango wa Barakat. Yeye akawa muuza mkaa, na debe lake alilijaza mpaka likamwagika, mnunuzi akishangilia na dada yangu ndani akihesabu nguo zisizonunuliwa. Dada yangu alikufa mwaka wa sitini akiwa amechoka. Akabaki Ruwaida, binti yao, aliyekuwa amekwisha achwa na mume wake na kurudi kwa babake.

Tangu siku ya Obeid, Barakat hakukosa maziko hata mamoja. Alikwenda, akasali, akasimama nyuma mikono mgongoni, na watu waliposema "mtu mwema" yeye alifumba mdomo ukaonekana umefumbwa. Watu walianza kumwogopa. Kuna ukoo mmoja hapa, sitautaja, uliofiwa na mzee wao mpenda wake za watu. Ukamtuma Barakat Mtwapa kwa udhuru wa uongo ili wazike akiwa hayupo. Naye alipojua, alifurahi! Alicheka peke yake uani kwa kujiona ana thamani. Mimi nikamwona mjinga, mzee mzima anayewatisha watu kwa kunyamaza.

Mwaka wa sitini na tatu, wakati watu walipokuwa wakigombana juu ya Mwambao, ujitenge au uwe wa Kenya, na juu ya bendera, na Hamoud akizunguka katika gari akiomba kura za udiwani, kifua cha Barakat kilikaza. Nilikwenda kumtazama kwa ajili ya Ruwaida, si kwa ajili yake. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, amebaki pua na masikio.

"Ruwaida," alisema, "nikifa wasiniite mtu mwema."

"Abee, baba?" Ruwaida alidhani ni homa inayosema.

"Wasiniite mtu mwema. Anijuaye na aseme anijualo. Na lile jiwe la mlangoni, nitilieni kichwani."

Kisha akaeleza, akipumzika kila baada ya maneno mawili. Jiwe lile liliandikwa nusu frasila, lakini chini lilikuwa limechimbwa na kujazwa risasi, kwa hiyo lilikuwa zito kuliko lilivyodai. Mkulima alilazimika kuongeza mbata upande wake mpaka mizani isimame sawa, kisha akalipwa kwa uzito ulioandikwa tu. Miaka yote ya ghala la Obeid ilipita hivyo. Na aliyeiyeyusha risasi ile, akaimimina kwa mkono wake, ni yeye Barakat, uani pale pale, katika sufuria ya dada yangu.

Nikaikumbuka sufuria ile. Zubeida aliililia sana. Aliambiwa kwamba risasi ilikuwa ya chubwi za kuzamishia nyavu, naye akaamini, na mumewe hata ufukweni hakuwa akienda.

"Na wewe ndiwe uliyemkataa Obeid mbele za watu!" nikamwambia. Sikuweza kujizuia, ingawa alikuwa mgonjwa.

"Obeid alikuwa maiti," akasema. "Maiti nilimuweza."

"Na mbona yako hukuyasema, ulipokuwa na pumzi?"

"Sikuthubutu, Alawiya." Akageuza uso ukutani.

Nilitoka nikatema mate njiani. Mzee Kweli! Alitangaza uzito wa uongo kwa sauti ya adhana, akawanunia maiti za watu miaka sita, na sasa anataka mwanamume mwingine asimame amsemee kile ambacho ulimi wake mwenyewe haukuthubutu kukitamka. Niliona haya kwamba dada yangu alimpikia mtu huyo.

Lakini Ruwaida alilichukua jambo lile kwa moyo wake wote. Nimeona watu wakipanga harusi kwa uvivu zaidi kuliko alivyopanga yeye maziko ya babake. Alikaa kando ya kitanda akamuuliza yote: amuoshe nani, sanda iwe ya nini, nani ashuke kaburini kumpokea. Barakat alitaka marekani ya bei ndogo. Alitaka kaburi lake liwe karibu na ukuta, usawa wa mlango wa jikoni, kwa kuwa harufu ya mkate wa kumimina ilikuwa ikipita pale, na Zubeida alikuwa akiupika vizuri. Ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akimsifu dada yangu. Alikuwa amechelewa kidogo.

Hayo yote yalikuwa mepesi. Kazi ilikuwa kumpata mtu wa kusema. Ruwaida ni mwanamke, hangesimama makaburini. Akaniomba nifuatane naye kwa Maalim, nami nikajitanda buibui nikaenda.

"Kuuliza si faradhi, mwanangu," Maalim alisema, macho yakiwa kwenye kikombe chake. "Hilo naweza kuliwata, nisiulize. Lakini kumtaja maiti kwa ubaya, hilo sitalifungulia mlango."

"Si ubaya, Maalim. Ni matakwa yake mwenyewe."

"Inshallah," akasema Maalim.

Naijua inshallah ile. Ipo ya mtu anayemtegemea Mungu, na ipo ya mtu anayetaka uondoke ili amalize kahawa yake. Tukaondoka.

Kutoka hapo Ruwaida akawaendea wazee waliokuwa wakikaa barazani na babake. Wa kwanza alisema koo linamsumbua, na alilisema hilo kwa sauti ya kutosha kumwita mtu ng'ambo ya daraja la Nyali. Mwingine alisema siku hiyo atakuwa mjini. Siku gani, na mgonjwa bado yu hai? Sikumwuliza. Mtu akijidhalilisha mwenyewe, humwachi akamaliza?

Mwisho Ruwaida akasema, "Khalati, twende kwa waliopunjwa."

Tukaenda kwa Kalama, Mgiriama mwenye shamba la minazi si mbali nasi, Mkristo, mtu aliyeleta magunia yake kwa Obeid tangu ujana wake. Tulimkuta akifua nazi kwenye kifuo. Ruwaida alimwamkia, akakaa kwenye kigogo, akamweleza yote, jiwe na risasi na sufuria, huku akilia kwa aibu. Mimi nilikuwa nikimtazama mzee yule nione hasira itakavyompanda.

Hakupandwa na kitu. Alifua nazi moja zaidi.

"Mwanangu," akasema, "jiwe lile tulilijua. Mtu aliyebeba gunia kichwani tangu alfajiri hajui uzito wake?"

"Mulijua? Na mukanyamaza?"

"Nasi tulikuwa tukizileta hazijakauka sawasawa. Mbata yenye maji ni nzito. Babako alikuwa akiibonyeza kwa kidole gumba, anaona, ananyamaza. Sisi tunaliona jiwe, tunanyamaza. Ndiyo biashara ilivyokwenda."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kumbe huo ndio ulikuwa mzigo mkubwa wa Barakat, uliomlaza bila usingizi na kumfanya aniharibie dada! Siri iliyojulikana na kila mwenye kichwa cha kubebea gunia. Wote walikuwa wakiibiana na kusalimiana.

Ruwaida hakucheka. "Baba Kalama, utakuja useme?"

Mzee aliitupa nazi aliyoifua kwenye lundo. "Makaburi ni yenu, na mimi si wa dini yenu. Lakini nikialikwa nitakuja. Na nikipewa nafasi nitasema."

Barakat alikufa wiki hiyo, asubuhi, akazikwa alasiri. Alikuwa ameambiwa kwamba Kalama atasema, akaitikia kwa kichwa, na nadhani ndiyo maana alijiachilia.

Tulisimama uani, mimi na Ruwaida, masikio ukutani. Tulisikia sala, tukasikia takbira ya mwisho na salamu. Kikaja kimya. Maalim alikuwa ametimiza ahadi, hakuuliza. Ruwaida alinishika mkono akaufinya. Nilijua Kalama yuko pale, nilikuwa nimemwona akipita, kofia yake ya ukindu mkononi, amejitenga kando kwa adabu.

Tukasikia akikohoa. "Jamani," akaanza.

"Mtu mwema!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Hamoud. Alikuja kwa gari, na kofia mpya, kwa sababu wakati wa kura hakuna maziko ya kukosa. Mara moja wote wakamfuata, "Mtu mwema! Mtu mwema!" Hakuna aliyeulizwa, na wakajibu. Kimya kidogo tu kiliwatisha kuliko kaburi lenyewe. Nikamtambua yule wa koo, alikuwa na sauti kubwa kupita wote. Hata ukoo ule uliompeleka Barakat Mtwapa ulishuhudia wema wake kwa nguvu. Kisha tukasikia udongo ukianza kumwagwa.

Ruwaida hakulia. Aliuachilia mkono wangu akaingia jikoni.

Siku ya tatu ilikuwa khitma. Hamoud alituma mchele na mbuzi bila kuombwa, na ujumbe kwamba angependa kusema maneno machache. Mimi nikasema mbuzi arudishwe na kamba yake. Ruwaida akasema, "La, Khalati, mwache. Tupike."

Wanaume walijaa barazani na mbele ya nyumba, wakasoma. Kalama naye alikuwa amealikwa, akakaa kwenye ukingo wa baraza. Tulikuwa nyuma ya pazia, tukisikia kila neno. Baada ya dua Hamoud alisimama. Alisema kwamba Kisauni imempoteza mpima mwaminifu, mtu ambaye mizani yake haikuyumba, aliyefanya kazi na marehemu babake kama ndugu, na kwamba viongozi wa Kenya mpya hawana budi kuiga mizani ile. Watu wakaitikia, "Naam, naam." Alikuwa amemfukuza mtu huyo kama mbwa, na wote waliokuwa pale walikuwa wakilijua hilo.

Ruwaida alikwenda mlangoni akaliinua kwa mikono miwili lile jiwe, ambalo siku ya maziko hakuna mwanamume aliyelipeleka kaburini. Alilipangusa kwa kitambaa, akaliweka juu ya sinia, akalifunika kwa kawa la ukili tunalofunikia chakula cha mgeni wa heshima. Akaita mtu wa kupokea. Kijana aliyepokea sinia alishuka mabega kwa uzito, akatabasamu. Nadhani alifikiri ni paja zima la mbuzi.

"Hili ni la Bwana Hamoud," Ruwaida akamwambia. "Mpe yeye kwanza."

Nilifungua pazia kidogo. Hamoud alikunja mikono ya kanzu, akasema bismillahi, akalifunua kawa.

Hapakuwa na mtu asiyelijua jiwe lile. Miaka sita walikuwa wakilipita mlangoni. Hamoud alilitazama, akawatazama watu, kisha akalirudisha kawa juu yake polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. "Leteni pilau," akasema. Na wazee wale, na Maalim wao, wakaanza kusogea kwenye masinia mengine. Walikuwa tayari kula mbele ya jiwe hivyo hivyo.

Kalama ndiye aliyeinuka. Alikuja mpaka mbele ya Hamoud, akainama, akalifunua kawa, akalibeba jiwe na kulipima mkononi.

"Hili limeandikwa nusu frasila," akasema. "Lazidi. Ndani mna risasi, na Barakat ndiye aliyeitia. Obeid alimtuma, naye akaitia. Alijua kila siku aliyopima. Mimi nami mbata zangu zilikuwa na maji, naye alijua. Hakunipiga, hakunitukana, hakunisaidia. Alitaka asemwe anavyojulikana. Mimi hivi ndivyo nimjuavyo."

Hakupaza sauti. Ruwaida alikaa chini pale pale alipokuwa, akalia kwa mara ya kwanza tangu babake afe, na mimi niliyemdharau mtu yule tangu siku ya harusi yake nikalia naye. Sikumlilia kwa wema. Nilimlilia kwa kuwa alikuwa ameomba kitu kidogo sana, na katika mji mzima wa waumini alikipata kwa mtu mmoja wa kanisani.

Maalim alisema, "Al-Fatiha." Wakasoma. Kisha wakala. Pilau ilikwisha yote, hata ukoko waliuomba.

Kalama hakula. Alilichukua jiwe, akapita mlango wa nyuma, akaliweka kichwani mwa kaburi, usawa wa jiko letu, akalishindilia udongo lisianguke.

Hayo yalikuwa kabla ya uhuru. Desemba ikaja, bendera ikapanda, Hamoud akapata udiwani. Sasa akija na wageni wake huku kwetu huwapitisha kando ya makaburi, akawaonyesha jiwe lile la chuma. Mwenyewe nimemsikia kwa masikio yangu, nikiwa nakuna nazi uani.

"Huyu alikuwa mpima wa baba yangu," huwaambia. "Mtu mwaminifu kabisa. Mpaka tukamwekea jiwe la mizani kichwani, liwe ukumbusho."

"Tukamwekea," asema. Na watu wa hapa wanaofuatana naye, waliokuwepo barazani siku ile, waliomsikia Kalama neno kwa neno, hutikisa vichwa. Watoto wao wamekwisha jifunza hivyo, na ukimwuliza mtoto yeyote wa Mjambere atakwambia pale amelala Mzee Kweli.

Ruwaida huniomba ninyamaze. Mimi sinyamazi. Hupanda juu ya kinu nikatoa kichwa juu ya ukuta, nikawaambia, "Liinueni basi, mulipime!" Hunitazama, hucheka, husema bibi huyo amezeeka. Bado sijamwona aliyeinama.